Mbwaa iko wapi? Safari ya kutoka Meru hadi magofu ya Manda

Wakati wa likizo ya Desemba, barabara ya kutoka Nairobi kwenda Embu na Meru hujaa magari yaliyosheheni watoto, magodoro na mikate. Familia hupita Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu, na kila mji hushusha wake. Watoto waliozaliwa Umoja au Buruburu hufikishwa kwa babu na nyanya, wakanywa maziwa, wakakimbizana na ndama. Jioni, iwapo mzee ana nafasi na televisheni imezimwa, husikia jambo la kuwashangaza: kwamba Wameru hawakuanzia mlimani. Walitoka mbali, mahali paitwapo Mbwaa, kando ya maji makubwa.

“Mbwaa iko wapi, babu?” mtoto huuliza. Aghalabu jibu huwa fupi. Iko pwani. Iko upande linakotoka jua. Kisha ugali huletwa na mazungumzo yakaishia hapo.

Nimeonelea leo tulichukue swali hilo la mtoto na kulifuata hadi mwisho wa barabara, na hata kuvuka maji. Kwa maana mahali ambapo baadhi ya wataalamu wamepanyoshea kidole panafikika. Pana rasi, pana msitu wa mikoko, pana ndege na kasa, na pana mji wa mawe uliohamwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita.

Kwanza tusikie wazee wanasemaje, ingawa masimulizi hutofautiana kutoka Igembe hadi Imenti, na mzee wa Tigania hatakubali kurekebishwa na mzee wa Mwimbi. Katika Mbwaa, husema, watu waliishi chini ya mabwana walioitwa Nguu Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Ajuaye Kiswahili ataona mara moja kwamba nguu ni nguo. Mabwana hao waliwatesa, na kila mara waliwatwika kazi zisizowezekana. Mojawapo ilikuwa kutoa tunda ndani ya shimo refu bila kulichokoa. Wakamimina maji mpaka tunda likaelea juu. Nyingine ilikuwa kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wakachuna ngozi inayoning’inia chini ya shingo ya fahali, nayo ina manyoya huku na huku. Hatimaye wakaamriwa wafue mkuki mrefu wa kugusa mbingu. Hapo ndipo walipotambua kwamba hawatakiwi kuishi, wakaamua kutoroka.

Aliyewaongoza wengi humwita Koomenjoe. Walipofika kwenye maji alipiga kwa fimbo yake, maji yakagawanyika, watu wakavuka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri, mbingu ikiwa nyekundu, wakaitwa Ntune. Waliovuka jua limekwisha kuchomoza wakaitwa Njeru, weupe. Mpaka leo koo za Wameru hutajwa kwa rangi hizo tatu, na kijana wa chuo kikuu asiyejua ukoo wake ni wa rangi gani anaweza kumuuliza shangazi yake akaambiwa papo hapo.

Kuna jambo jingine katika masimulizi hayo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko hata fimbo ya Koomenjoe. Wazee wengine husema kwamba huko Mbwaa maji yalikuwa na tabia ya kuondoka, kwenda kula nyasi, kisha kurudi. Mtu aliyezaliwa Maua au Kangeta, ambako maji ni mto wa kuteremka tu, atatoa wapi habari kama hiyo? Mtu wa Lamu akisikia maneno hayo hahitaji kufafanuliwa. Ni maji kupwa na maji kujaa.

Watu wa Embu, kwa upande wao, huenda wakanilalamikia nikiwaburura pwani bila idhini. Masimulizi yao yanayojulikana zaidi ni ya Mwenendega na mkewe Nthara, na kichaka chao kitakatifu kiko karibu na Runyenjes. Kwa Waembu wengi mwanzo ni hapo hapo, hauhitaji mashua. Hata hivyo H. S. K. Mwaniki, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya watu wa Embu, Mbeere na majirani zao, alishughulika sana na suala hili la asili, na kazi zake zafaa kusomwa na mwanafunzi yeyote wa sehemu hizo. Lugha zenyewe ni za ukoo mmoja: Kimeru, Kiembu, Kikamba na Kikuyu ni ndugu.

Sasa tuje kwenye swali. Mwamerika mmoja, Jeffrey Fadiman, aliwahoji wazee wa Meru walipokuwa bado wapo wengi wanaokumbuka, na mwaka 1993 akachapisha kitabu kuhusu historia simulizi ya watu wa Mlima Kenya. Kwa maoni yake, Mbwaa ilikuwa kwenye kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu. Kuondoka kwao alikukisia kuwa karibu na mwanzo wa karne ya 18, kwa kuhesabu kurudi nyuma kwa nthuki, yale marika ya Kimeru ambayo majina yake, kama Kiruka, Ratanya, Lubetaa, Miriti, Guantai na Gichunge, hufuatana kwa zamu.

Si wote wanaokubali. Wapo wasemao kwamba hadithi ya kiongozi kugawa maji kwa fimbo inanukia Kitabu cha Kutoka, na kwamba wamishenari walikwisha kufika Meru kabla ya masimulizi mengi kuandikwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wengine huona kwamba sehemu kubwa ya mababu wa Wameru walikuwa bara tangu zamani, na kwamba kikundi kidogo kilichotoka pwani kiliwakuta, kikaungana nao, na hadithi yake ikawa ya wote. Mimi naegemea upande huu wa mwisho. Jamii nyingi za Kenya zimejengwa hivyo. Wamijikenda nao husema walitoka kaskazini, Singwaya, na mabishano juu yao ni yale yale. Lakini yale maji yanayokwenda kula nyasi hayamo katika Biblia.

Haya, tufunge safari. Ukiwa na watoto, anzia Meru mjini kwenye jumba la makumbusho, ambalo limo katika jengo la mawe la zamani lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni. Hapo wataona vyombo, mavazi na dawa za miti, na watapata majina ya kushika kabla ya kuondoka. Kutoka hapo teremkeni mkauone mto Kathita. Wengi huuvuka bila kuutazama. Kathita huteremka hadi Tharaka ukaingia Tana, na Tana hupita Garissa, Hola na Garsen mpaka Kipini, ukamwagika katika Bahari ya Hindi. Mtoto wa Embu asijione ameachwa, kwani Rupingazi huingia Thiba, na Thiba nayo huingia Tana kwenye mabwawa yanayotuzalishia stima. Wasimulizi wengi husema wahamiaji kutoka Mbwaa waliufuata mto Tana kuja juu. Kwa hiyo maji yapitayo chini ya mji wa Meru hushuka kwa njia ile ile ambayo watu, kwa mujibu wa masimulizi, walipanda.

Sisi hatutapita huko kwa miguu. Njia ya kawaida ya kwenda Lamu ni kuteremka hadi Mombasa au Malindi, kisha basi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, kila mwenye familia hana budi kuuliza hali ya usalama barabarani kabla ya kukata tikiti, na kusafiri mchana. Wenye uwezo huruka kwa ndege. Na hapa pana kichekesho kidogo: uwanja wa ndege wa Lamu hauko Lamu. Uko Manda. Kila Mmeru aliyewahi kwenda Lamu kwa ndege, awe mfanyabiashara wa miraa au mwalimu wa semina, amekanyaga kisiwa hiki, akaburura sanduku lake hadi gatini, akavuka maji bila kugeuka nyuma.

Safari hii geuka. Manda ni kisiwa kikavu, cha vichaka vya miiba, mibuyu na mawe ya matumbawe yenye ncha za kukata viatu. Upande wa kusini-magharibi kinachomoza hadi Rasi Kitau, ikitazamana na kijiji cha Shela kilicho ng’ambo, kwenye kisiwa cha Lamu. Upande wa bahari kuu mawimbi hupiga moja kwa moja. Upande wa ndani ni mikoko mitupu, na mkono wa bahari umeingia katikati ya kisiwa kana kwamba unataka kukigawa vipande viwili. Maji matamu ni ya shida, ndiyo maana kisiwa kikubwa kiasi hicho kilibaki na watu wachache huku Lamu iliyo jirani ikijaa nyumba na misikiti. Mjue pia kwamba kambi ya kijeshi iitwayo Manda Bay haiko kisiwani humu. Iko bara, ng’ambo ya mlango wa bahari, na haihusiani na matembezi yetu.

Kwenda Takwa, palipo na magofu, mnakodi mashua kutoka mjini Lamu au Shela. Hapa nahodha ndiye mwenye kauli. Usimwambie, “Mimi nimezoea kuondoka saa tatu.” Mfereji wa mikoko unaoelekea Takwa hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Yakipwa hubaki tope jeusi na vijito vyembamba, na mashua ikikwama mtakaa nayo mpaka bahari iamue kurudi. Kwa hiyo uliza siku moja kabla, na uelewe kwamba saa ya leo siyo ya kesho.

Safari ya mfereji yenyewe ni nusu ya raha. Kwa mashua ya injini ni kama nusu saa au zaidi kidogo. Tanga ni polepole, lakini watoto huona zaidi. Mizizi ya mikoko imesimama juu ya maji kama miguu ya buibui. Kaa wenye gando moja kubwa hupunga, na wakisikia kishindo hutumbukia mashimoni. Yangeyange husimama tope likiwa wazi, na mdiria huchoma maji kama msumari. Boriti za mikoko hii zilijenga miji ya pwani na zikapelekwa Uarabuni kwa majahazi kwa karne nyingi, hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Wenyeji husimulia kwamba zamani ndovu walikuwa wakivuka mlango wa Mkanda kutoka bara na kuingia Manda. Sasa usitazamie ndovu. Wanyama wakubwa utawaona kwenye Mbuga ya Meru, alikoishi yule simba Elsa. Hapa wanyama wa kutafuta ni wa majini: kasa hupanda kutaga mayai kwenye fukwe za visiwa hivi, na nguva, ambaye siku hizi ni adimu mno, bado ana makao katika bahari ya Lamu.

Mfereji ukiisha mnashuka, mnatembea kidogo, na mji umewafikia ghafla. Takwa ulianza karibu mwaka 1500 na kuhamwa karibu 1700. Umezungukwa na ukuta wa mawe. Ndani kuna mabaki ya nyumba za matumbawe, mitaa na visima, na mibuyu imesimama kati yake kama watu waliofika mapema. Magofu yalisafishwa na James Kirkman mwaka 1951, na baadaye, katika miaka ya 1970, Thomas Wilson akayafanyia uchunguzi. Leo yako chini ya Makumbusho ya Taifa, na hapana haja ya kuhofia kupotea, maana mji ni mdogo.

Kinachovuta macho ni msikiti wa Ijumaa. Juu ya ukuta wa kibla umechomoza mnara wa mawe, jambo ambalo si la kawaida kwa misikiti ya pwani hii. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye mnara vilevile, na limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria, yaani karibu 1683 Miladi. Mwambie mwanafunzi wa darasa la nane afanye hesabu mwenyewe. Kwa nini watu walihama? Wengi hutaja maji ya visima kuingia chumvi, na vita vya miji jirani. Walihamia ng’ambo, Shela, na Shela haijasahau. Watu wake wamekuwa wakija kwa mashua hadi kwenye kaburi hili kuomba mvua. Tafadhali, mkikuta dua, kaeni kando na mzime simu.

Magofu ya Takwa siyo makongwe zaidi kisiwani. Upande wa kaskazini kuna mabaki ya mji wa Manda wenyewe, ulioanza katika karne ya 9, ambao Neville Chittick aliuchimba katika miaka ya 1960. Alikuta vyombo vya kutoka Ghuba ya Uajemi na kauri za China, na kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mawe makubwa ajabu. Huko ni kugumu kufika na kwa watoto hakuna mengi ya kuona, basi nakushauri ukae na Takwa.

Sasa, mzazi wa Meru uliyesimama katikati ya Takwa na watoto wako, utawaonyesha nini? Nitasema wazi ili usije ukarudi umekasirika. Hutaona kibao kilichoandikwa Mbwaa. Hutaona kaburi la Koomenjoe. Hakuna jiwe hata moja hapo ambalo mtaalamu ameweza kusema, hili ni la Wameru. Wala usimtazame kijana wa Lamu anayekuongoza ukamwona mjukuu wa Nguo Nyekundu. Hakuna aliyethibitisha mabwana hao walikuwa kina nani.

Lakini fikiria hadithi yenyewe inavyosema. Watu wa Mbwaa hawakuwa wenye nyumba za mawe. Walikuwa watumwa, au karibu na watumwa. Kama waliishi kisiwani humu, waliishi nje ya ukuta, katika vibanda vya miti, udongo na makuti, wakichota maji na kukata boriti za watu wengine. Ukuta wa tajiri husimama miaka mia tano. Kibanda cha mtumwa huliwa na mchwa kabla mtoto wake hajaoa. Anayekwenda Takwa kutafuta jumba la babu yake amekosea mtaa. Ukitaka kuwa mwaminifu kwa masimulizi, watoke watoto nje ya lango, wasimame kwenye mchanga na vichaka, uwaambie: kama ni kweli, basi ni hapa, pasipo na kitu.

Na hata hapo pasipo na kitu huenda pana kitu. Katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alipochimba magofu ya Shanga miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti ya miti iliyotangulia: madoa ya udongo mahali nguzo ziliposimama zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Kibanda nacho huacha alama, kwa ajuaye kusoma udongo. Juhudi nyingi hapa Manda zimewekwa kwenye mawe. Vyuo vikuu vyetu, kimoja kikiwa pale Nchiru karibu kabisa na makao ya Njuri Ncheke, vina wanafunzi ambao wangeweza siku moja kuchimba nje ya ukuta. Tena barabara ya mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, imekusudiwa kuunganisha Lamu, Garissa na Isiolo, mlangoni mwa Meru. Wakati huo safari ya Mbwaa haitahitaji kupitia Mombasa.

Linalonitia wasiwasi ni jingine. Udongo unaweza kungoja, wazee hawangoji. Waliohojiwa na watafiti wa miaka ya 1960 wamekwisha kwenda, na walio hai sasa huulizwa habari za shamba na karo tu. Simu iliyo mfukoni mwa kila kijana ina uwezo wa kunasa sauti saa nzima. Kabla ya kukata tikiti ya Lamu, mrekodi babu au nyanya akisimulia Mbwaa kwa Kimeru, kwa mtindo wake, bila kumkatiza kumwambia jirani alisimulia vingine. Muulize rangi ya ukoo. Muulize alihadithiwa na nani. Kisha msikilize sauti hiyo mkiwa kisiwani, nje ya lango la Takwa.

Mambo machache ya kufungasha: maji ya kunywa ya kutosha kila mtu, viatu vilivyofunika vidole, kofia, kanga au kikoi cha kujisitiri mkipita mjini Lamu, ambao tangu 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Kutoka kwenye magofu kuna njia fupi ya kupita vilima vya mchanga hadi bahari kuu. Watoto watataka kuogelea. Waacheni wacheze ukingoni tu, mawimbi ya upande huo ni makali, na mtu mzima mmoja abaki akiangalia mfereji. Nahodha akipiga mluzi, okoteni vitu vyenu upesi. Maji yameanza kwenda kula nyasi.